Mpaka Kwenye Kiwiko

Saumu alipiga magoti kati ya matuta ya shamba lao kijijini Lweba, akachomeka mkono katika shimo mpaka kwenye kiwiko. Alipoutoa, vumbi lilimtiririka vidoleni kama unga wa muhogo. Mvua ilikuwa imekatika tangu Noeli. Udongo haukuwa na maji ya kulituliza jua, kwa hiyo joto lote lilirudi juu, likachoma nyayo, likachoma hata pumzi.

“Bwana Casimir,” alimwambia monitere, msimamizi wa pamba, aliyesimama chini ya mwavuli na polisi wake, “udongo iko mukavu mpaka hapa. Ikikosa maji, joto inaongezeka na mvua inakawia. Mama yangu alinionyesha. Tungojee kidogo.”

“Mama yako alisoma école gani?”

Polisi akacheka.

“Kalenda ya 1956 inasema tupande tarehe kumi. Leo ni tarehe ngapi?”

“Mi sijue tarehe.”

“Basi weka mbegu.”

Nasoro, mumewe, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kibao cha shamba, aliinama, akachota mbegu. Mwaka uliopita alifungwa buloko siku saba kwa sababu ya magugu tu. Wakapanda.

Majuma matatu hewa iliwaka. Kuku walikaa midomo wazi kutwa nzima. Casimir aliporudi na polisi wake, hakukuwa na jani hata moja. Alifukua kwa ncha ya fimbo, akaokota mbegu: nyeusi, imejikunja.

“Mumezikaanga,” alisema. “Batu ba Lweba, nabajua. Munakaanga mbegu kusudi pamba isiote.”

“Ni jua, bwana.”

“Jua iko na chungu ya kukaangia?” Casimir aliuliza. Polisi alicheka tena.

“Ingiza mukono wako mwenyewe,” Saumu alisema. “Mpaka kwenye kiwiko.”

Casimir alitazama mkono wa shati lake jeupe, lililopigwa pasi. Akasogea karibu, akashusha sauti.

“Mama, mi pia ni mutoto ya mulimaji. Najua. Lakini niandike nini? Kwamba kalenda ya muzungu inadanganya?”

Akaandika: wamekaanga.

Nasoro alifungwa kamba kiunoni. Alivua kofia yake, akampa mkewe, kisha akasukumwa kwenye njia ya kwenda buloko, mjini Baraka. Casimir aliacha gunia jipya la mbegu.

“Kesho adhuhuri nikute zote ziko chini. Zisipoota, hatarudi.”

Saumu alibaki peke yake. Huko bondeni ziwa lilikuwa limejaa maji mpaka upeo wa macho, na yeye alikuwa mmoja, na shamba lilikuwa mlimani. Alitia mbegu mdomoni, akaigeuza juu ya ulimi mpaka ikalowa, akaishusha katika shimo, akafukia. Akatia nyingine. Akatia nyingine.

Kwenye shimo la kumi na mbili mate yalimkauka. Matuta yaliendelea mbele yake, mpaka kwenye kibao chenye jina la Nasoro.