Mabakuli ya Halvor Yaliyokataa Kupoa

Arlys, wa nyumba ya pili kutoka kwa Janelle, anadai kwamba yeye alipeleka bakuli lake likiwa baridi. Anasema alilitoa kwenye friji, viazi na nyama ya kusaga, jibini juu, akavuka nalo barabara bila glovu. "Kama lilikuwa la moto ningelishikaje?" huwauliza watu dukani. "Mimi nina mikono, sina koleo." Kwa maneno yake, bakuli lilipata joto likiwa mezani kwa Janelle, wakati yeye Arlys anaeleza kwamba haya yote yametokea kwa kuwa watoto siku hizi hawasali shuleni.

Inawezekana. Wengine wanasema yao yaliingia na moto wake, na moto ndio uliokataa kutoka. Lililo hakika ni kwamba wiki ya mazishi nyumba ya Janelle ilijaa mabakuli: mezani, juu ya friji, kwenye kingo za madirisha, mpaka kwenye ngazi. Ndivyo watu wa mji wa Halvor wanavyofanya mtu akifiwa. Kila bakuli lina jina la mwenyewe chini yake, kwenye kipande cha selotepu, ili mfiwa akishakula aoshe na kurudisha. Mabakuli yakirudi, mji unajua kwamba mtu ameanza kuinuka, na unaweza kuendelea na mambo yake.

Janelle hakurudisha hata moja. Hayakuwa yamepoa. Wali wa kuku wa Sheryl, mke wa mkuu wa zimamoto, ulifuka mvuke tangu masika hadi kiangazi, na haukuchacha.

Binti yake, Britta, alikuwa na miaka minane. Aliuawa darasani pamoja na wenzake na mwalimu wao; aliyewaua ni kijana wa palepale mjini aliyeingia asubuhi na bunduki ya kuwindia kulungu. Kijana yuko gerezani.

Kiangazi kilipokwisha watu wakaanza kuja kudai vyombo vyao. Hawakusema wamekuja kudai, Halvor hakuna anayesema hivyo. Walisema wamekuja kumtazama. Walikaa, wakanywa kahawa, wakamweleza chanzo cha msiba, kisha macho yao yakaenda mezani.

Curt, fundi wa matrekta, alisema ni milango.

"Shule ina milango kama kichuguu, dada. Ungekuwa mmoja tu, na mtu mwenye silaha pale, leo tungekuwa tunaongea mengine."

"Milango!" mkewe akamkata. "Ni ile michezo ya kompyuta. Mtoto anaua watu tangu asubuhi mpaka chakula cha jioni, unategemea nini?"

"Hata mimi nacheza."

"Wewe unacheza kulima, Curt. Unashinda unalima shambani, ukirudi unalima kwenye kioo. Nani atakuogopa?"

Muuguzi wa zahanati alisema ni vidonge wanavyopewa vijana wenye huzuni. Mchungaji alisema ni akina baba wasiokaa nyumbani. Mwalimu kijana wa sayansi, ambaye hakuzaliwa Halvor, alisema kwa sauti ya chini kwamba kila nchi ina huzuni, ina michezo na ina akina baba wa hovyo, lakini sheria za bunduki kama zetu hawana. Janelle alimsikiliza huyo kwa makini kuliko wengine. Bakuli lake nalo lilibaki linachemka pembeni.

Hakubishana na mtu. Mgeni akimaliza, alimwambia, "Lishike bakuli lako. Likiwa limepoa, nenda nalo." Mgeni alishika, akavuta mkono, akapuliza vidole, akaaga.

Kisha akaja LaDonna. LaDonna ni bibi wa yule kijana. Alipita mlango wa nyuma na hakukubali kiti. Yeye pia alikuwa ameleta bakuli wiki ile ya mazishi, maharagwe, akaliacha kwenye ngazi akakimbia.

"Sikuja kuomba msamaha," alisema. "Hilo haliombwi mlangoni. Nimekuja kusema. Ile bunduki ilikuwa yetu. Mume wangu Harold aliishinda kwenye bahati nasibu ya zimamoto. Ilikaa nyuma ya makoti."

"Makoti gani?"

"Ya baridi. Yale ya mlangoni. Hata kufuli haikuwa nayo."

Mvuke wa maharagwe ukakatika. Janelle akalishika bakuli kwa viganja vyote viwili, likashikika. Akatoa vijiko viwili. Wanawake wale wakayala maharagwe yakiwa baridi, wamesimama, bila kutazamana. Janelle akaosha, LaDonna akafuta, akaondoka na chombo chake kwapani.

Bahati nasibu yenyewe ni ya kila mwaka. Zimamoto wa Halvor ni watu wa kujitolea. Kabla ya msimu wa kuwinda wanafanya karamu ukumbini kwao, kila nyumba inaleta chakula, na zawadi ya kwanza ni bunduki mpya. Fedha inanunua jezi za timu ya shule. Kwa hiyo bunduki iliyoingia darasani ilitolewa kwa makofi ili watoto wa shule hiyohiyo wavae vizuri. Hakuna aliyekuwa halijui hilo. Lilikuwa halijasemwa tu.

Habari ya maharagwe ilienea kabla gari la LaDonna halijafika barabara kuu. Sasa kila mtu alijua jinsi ya kulipata bakuli lake. Sentensi ya kusema bunduki ilitoka wapi ilikuwa fupi, hata mlevi angeimudu. Watu wakaenda mji wa pili wakanunua mabakuli mapya. Yalipokwisha dukani, Arlys alioka keki ndani ya sufuria ya mbwa, na akasisitiza kwamba aliiosha.

Theluji ya kwanza ikaanguka ikakwepa paa la Janelle. Mtu wa posta akaanza kukausha glovu zake kwenye dirisha la jikoni. Dereva wa basi la shule akahamisha kituo kikawa mbele ya nyumba hiyo, maana palikuwa pakavu, na wazazi wakamshukuru kwa busara.

Verlyn alikuja karibu na siku ya karamu. Ndiye mkuu wa zimamoto, ndiye anayechezesha bahati nasibu, na ndiye aliyembeba Britta kutoka darasani.

"Mwaka huu tumetenga fedha ya jiwe," alisema. "Jiwe zuri, lenye majina ya watoto wote."

"Na zawadi ya kwanza?"

"Ileile."

"Ileile."

"Watu wameizoea, Janelle. Nikiweka friji, nani atanunua tiketi?" Akageuza kofia mkononi. "Sheryl anaulizia bakuli lake. Lile la kioo, la marehemu mama yake."

"Liko hapo. Unajua la kusema."

Verlyn akalitazama lile bakuli. "Mwanao nilimbeba kwa mikono hii."

"Najua. Ndiyo maana nakungoja wewe."

Akavaa kofia akatoka.

Siku ya karamu chakula kilikuja kwenye sinia za kutupa. Bunduki ilitundikwa ukutani na utepe mwekundu. Janelle aliingia mikono mitupu, jambo ambalo Halvor halifanyiki, akakaa mbele. Walipomaliza kula, Verlyn alizungusha pipa la tiketi, akakunja mkono wa shati, akauzamisha hadi kwenye kiwiko.

Janelle akasimama.

"Verlyn, subiri. Kila mwaka unaanza kwa kumtaja aliyeshinda mwaka uliopita. Anasimama, tunampigia makofi. Leo umeruka."

"Janelle, mama, kaa," Arlys alinong'ona. "Watu wamechoka."

"Hata mimi nimechoka. Na hata mimi nilinunua tiketi mwaka jana, kwa hiyo nimo, simnyooshei mtu kidole nikiwa nje." Hakuinua sauti. "Milango mmeitaja. Vidonge mmevitaja. Mungu mmemtaja mpaka amechoka. Mtaje Harold, Verlyn, kisha useme kwenye hicho kipaza sauti bunduki ile ilikwenda wapi."

"Siku ya furaha hii, bwana!" mtu alisema kutoka nyuma. "Kila kitu na wakati wake."

"Wakati wake ni upi?" Janelle aliuliza bila kugeuka. "Nitajie, niuandike kwenye kalenda."

Kipaza sauti kilikuwa wazi, ukumbi mzima ukasikia Verlyn anavyopumua. Midomo yake ilifunguka. Mkewe Sheryl, meza ya pili, alianza kuinuka, kisha akakaa.

Verlyn akatoa mkono na tiketi, akasoma namba. Makofi yakaanza upande wa mlangoni, yakasambaa. Kijana mmoja aliyeoa majuzi akapita kati ya viti akicheka kwa aibu, akapokea bunduki, utepe ukaanguka sakafuni.

Makofi yalipokwisha, Janelle alikuwa bado amesimama.

"Sijakaa, Verlyn," alisema. "Mtaje."