Kengele ya Mzee Fanueli

Nilimpiga baba mkwe wangu kwa spana, na mpaka leo sijuti. Wanaosema Raheli hana adabu waseme, midomo mali yao.

Kijijini kwetu Mtae, enzi zile za ujamaa, tulikuwa na mashine ya kupasua mbao. Mume wangu Paskali alisukuma magogo, mimi nilipokea mbao, na baba yake, Mzee Fanueli, aliendesha injini chumba cha pili. Injini ya zamani ilikuwa ya taratibu, ukiita "Simamisha!" anakusikia. Hii mpya ya dizeli ilinguruma hata ukipiga yowe, yeye kule hakusikii. Basi fundi akatufungia kengele ya umeme: kitufe kimoja kwenye msumeno, kingine kwenye toroli la magogo, na kengele yenyewe kule kwa mzee.

Balaa! Kengele ikawa inalia yenyewe. Mzee anazima, anatoka anafoka, "Nani kaniita?" Hakuna. Akiwasha, inalia tena. "Nilikuwa boi wa Mzungu, nikiitwa kwa kengele kama mbwa. Uhuru umekuja, sasa niitwe hivyo na wanangu?" Siku moja alimzaba Paskali kofi mpaka damu ikamtoka puani, mtu mzima mwenye watoto.

Tukaitafuta kasoro. Tulichomoa waya wa msumeno, kengele ikazidi kulia. Tukachomoa wa toroli, kimya. Tukaufuata kwa mikono mpaka chini ya injini. Mtikisiko ulikuwa umeuchubua, nyaya zinagusana kila injini ikiwaka. Tukauzungushia mpira wa tyubu, tukajaribu, kengele ikalia kwa kubonyezwa tu.

"Baba, imepona," Paskali akamwambia. Mzee akaguna.

Wiki ile ile mnyororo unaovuta toroli ulinasa mkono wa koti la Paskali, ukaanza kumvuta polepole kuelekea msumeno, kitufe chake hakifikii. "Raheli, kengele!" Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Injini ikaendelea. Nikakimbilia chumba cha pili, nikakuta kengele imeshindiliwa tambara, kinyundo hakisogei.

"Baba, zima! Paskali anakufa!" nilimpigia kelele sikioni.

Akanizibia njia. "Unaniingiliaje bila shikamoo?"

Nikaokota spana, nikamtandika nayo kichwani. Akaanguka, nikamruka, nikavuta wenzo wa kuzima injini. Nilichelewa. Mkono wa kulia wa Paskali ulikuwa chini kwenye unga wa mbao, yeye kaegemea gogo, damu inaruka hadi ukutani. Nilifunga bega lake kwa khanga yangu huku nikilia na kutukana.

Hospitali ya Bumbuli ilimwokoa. Aliporudi, wazee wa ukoo wakaniita nimwombe mzee radhi.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," wakanikumbusha.

"Aliyevunjika ni Paskali," nikawajibu, "na yeye ndiye aliyesikia siku zote!"

Paskali akaninong'oneza, "Mke wangu, piga magoti, yaishe." Kwa ajili yake nikapiga. Mzee hakusema lolote juu ya lile tambara. Alisema amenisamehe, akanyoosha mkono wake wa kulia anibariki.

Nikaukamata, nikaung'ata mpaka meno yakagonga mfupa. Walinivuta nywele ndipo nikauachia.