Meza ya Wasioelewa

Kwenye meli yetu abiria hawaishi kupanda. Genoa wanapanda Waitaliano, Marseille Wafaransa, Barcelona Wahispania, na kila bandari Bwana Taddeo, msimamizi wa ukumbi wa chakula, hupanga meza upya ili kila mtu ale na watu wa lugha yake. Mimi nilikuwa mhudumu wa Wahungaria. Tangazo langu la Kihungaria lilikuja mwisho, baada ya lugha kubwa zote, watu walipokuwa wameshaacha kusikiliza.

Safari ile Mhungaria alikuwa mmoja tu, mjane aitwaye Piroska. Nilimwita shangazi, kama tunavyowaita kwetu wanawake wa umri wake. Alipopanda aliniomba jambo moja.

"Nikalishe na watu wasionielewa, mwanangu. Na kiti cha ubavuni mwangu kiache wazi."

Nikamweka kwa Wahispania. Jioni ya kwanza nilimsikia akikiambia kile kiti, "Supu yao haina chumvi, Dezso. Wewe ungeshasusa." Mama Amparo wa Zaragoza, aliyekaa mbele yake, alidhani anaambiwa yeye. Akaitikia kwa kichwa, akamsogezea mkate.

Dezso alikuwa mumewe. Alifariki Februari, wakiwa wamenuniana.

"Nyumbani wanangu wananinyamazisha," shangazi aliniambia. "Hapa naweza kumwomba radhi kwa sauti. Bado hajanijibu. Lakini atanijibu."

Tulipofika Napoli ikapanda kwaya ya wastaafu kutoka Szeged, Wahungaria watupu, wakiimba tangu ngazini. Bwana Taddeo akafurahi.

"Bibi yako leo anahamia kwa wenzake. Pale kwake naleta mtu na mkewe wa Valencia, wamechoka kukaa na Wajerumani. Na kile kiti kitupu kinaniuma macho tangu Barcelona."

"Naomba aachwe, bwana."

"Sema kwa sauti, msichana! Unanong'ona utadhani unaungama kwa padri."

"Aachwe pale alipo. Tafadhali."

"Kiti ni kiti. Nenda kamlete."

Nikaenda. Sikujua nitamwambiaje. Kabla sijamfikia, Mama Amparo akanishika mkono wa shati, akasema kwa Kihispania, ambacho nakijua kidogo.

"Mngoje, binti. Usimkatize mzee wa watu."

"Mzee gani, mama?"

"Si huyu wake! Mchache wa maneno, lakini leo angalau anamjibu. Jana alikuwa anaongea peke yake, maskini, nikamwonea huruma."

"Hatuelewi hata neno," akadakia mumewe, Eusebio, mdomo umejaa. "Ila sauti ya mwanamume anayetaka yaishe naijua. Mimi naitumia kila Jumapili."

"Kila siku, mwongo wewe!" akasema Mama Amparo, na meza nzima ikacheka.

Mimi sikucheka. Nilitazama kile kiti. Kitambaa cha kufutia midomo kilikuwa bado kimekunjwa juu ya sahani. Shangazi alikuwa ameinama upande ule, midomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza maneno aliyoyangoja mno. Nikasogea. Kihungaria ni lugha ya mama yangu. Kama kulikuwa na neno, mimi ndiye ningelielewa. Nikazuia pumzi. Nilisikia uma na vijiko tu.

Shangazi akainua uso. Machozi yalikuwa yamemlengalenga.

"Amenyamaza," akasema. "Ni wewe, mwanangu. Hajawahi kusema ya nyumbani mbele ya mtu anayeelewa. Na alikuwa ndiyo kwanza ameanza."

Nyuma yangu Bwana Taddeo alikuwa anakuja na wale wageni wa Valencia, mkono tayari umenyooka kuelekea kwenye kiti.

"Kina mtu!" nikapaza sauti.

Ukumbi ukageuka, hata kwaya ya Szeged. Bwana Taddeo akanitazama, akakitazama kiti, akakitazama tena, kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotazama kiti. Mkono wake ukashuka, ukaenda kifuani, akapiga ishara ya msalaba upesi upesi. Kisha akawageuza wageni wake, akawapeleka mbali.

Nami nikaondoka. Nilitaka sana kukaa, niisikie sauti hiyo japo mara moja, lakini niliharakisha kati ya meza, nikiwa na hofu kwamba bado niko karibu mno. Nilipofika mlangoni nilimsikia shangazi akicheka, kicheko chembamba cha mwanamke aliyetaniwa na mtu wake.

Nikafunga mlango bila kugeuka.