Marufuku Kumwaga Chumvi

Huko kaskazini ya mbali ya China, ambako Judica hajawahi kukanyaga, theluji ikizidi watu humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Matairi hufurahi; zege ndilo huumia. Maji ya chumvi hupenya, huganda, hutanuka, na zege lisilo na vijipovu vya hewa vya kuyapa nafasi hubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Haya Judica, mwanafunzi kutoka Tanzania, aliyajua akiwa Guangzhou, mji wa kusini wa kutokwa jasho mpaka nyusi, kwa kutumia jokofu la maabara. Mwalimu wake, Profesa Liang, alikuwa amesanifu daraja la huko kwenye baridi. Alimwagiza Judica aloweke vipande vya zege la daraja hilo kwenye maji matupu, kisha avigandishe. Vikatoka vizima. Judica, kwa kiherehere chake, akajaribu vingine kwa maji ya chumvi. Vikapukutika mkononi.

"Vitupe," Mwalimu alimwambia. "Wageni wenye daraja wanakuja. Weka mezani vile vizuri."

Shida ni kwamba Judica alimpenda mzee huyu. Ndiye aliyemletea uji alipolazwa na homa, na ndiye aliyemsainia ufadhili kila mwaka.

"Dada, piga kimya umalize digrii," Anatory, Mtanzania mwenzake, alimshauri wakila pilau mtaa wa Xiaobei. "Wakikukatia skolashipu, home utarudi na nini? Kokoto?"

Wageni walipofika, mkubwa wao alivigonga vile vipande vizima, akatabasamu. Judica akafungua kabati, akamwaga mezani ule ungaunga alioshindwa kuutupa.

"Vipande hivi vililowekwa maji ya chumvi," alisema. "Zege ni lile lile."

Mwalimu akainama. Mgeni akamuuliza kama ni kweli, naye akaitikia kwa kichwa.

"Daraja limeshamwagwa zege," mgeni alisema hatimaye, "na siku ya ufunguzi imeshatangazwa. Tutaweka kibao: marufuku kumwaga chumvi."

Wote wakashusha pumzi. Chai ikamiminwa.

"Na barafu je?" Judica aliuliza. "Magari si yatateleza mpaka mtoni?"

"Wataendesha polepole," Mwalimu alisema kwa upole, akamsogezea kikombe. "Ufadhili wako usikutie wasiwasi. Nimeshausaini."

Judica alikipokea kwa mikono miwili. Alifurahi, tena sana. Kisha akagundua kwamba amefurahi, na chai ikamshinda kumeza.