Tangazo Lilisema Alhamisi

Jumanne, tarehe 16 Julai 2024, saa sita kasoro dakika kumi mchana, umeme ulikatika katika jengo letu la Weston, huku ng'ambo, na tangu dakika ile mambo yangu hayajakaa sawa.

Watu walisema mvua ile ni mkia wa kimbunga kilichopiga kusini, huko Marekani. Mkia au kichwa, mimi sijui. Niliishia darasa la nne. Ninachojua ni kwamba ilianza asubuhi, na mto Humber, ninaouona kutoka dirishani kwangu ghorofa ya tisa, uligeuka rangi ya chai ya maziwa ukawa unabeba miti mizima. Maji yakaingia chini ya jengo, kwenye chumba cha mitambo ya umeme. Yaliingia kwa sababu mfereji wa maegesho ulikuwa umeziba tangu Aprili. Nilishuka mara tatu kumwambia meneja. Mara ya tatu alinipa karatasi nijaze. Nchi hii hata ukisema nyumba inaungua, wakubwa wanakupa karatasi.

Siku hiyo nilikuwa na mgeni, Nazir. Ni Mwismaili aliyezaliwa Kigoma kama mimi; baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na stesheni. Huku ni mfamasia mstaafu, anakaa Brampton, mji wa jirani, na chini ya nyumba yake, pale ambapo majirani wanapangisha watu, yeye amepangisha samaki: matangi kumi na mawili ya vioo. Alikuja kumtazama samaki mmoja tu. Samaki wa marehemu mke wangu.

Josephine alifariki Februari. Walimlaza kwenye korido ya hospitali siku mbili, chini ya taa isiyozimwa, eti kitanda kinatafutwa. Wakubwa wa hospitali walisema pole. Wakubwa wa serikali walitokea kwenye televisheni wakasema vitanda vinatosha. Yeye aliacha nguo, rozari mbili, na tangi la samaki lenye urefu wa mlango.

Samaki wenyewe ni wa Ziwa Tanganyika. Siku alipowaleta nilimcheka. Nikamwambia, "Tumepanda ndege mbili tuje kutazama kitoweo?" Kwetu Ujiji samaki kama yule tungempaka chumvi. Huku mtu anamnunua kwa bei ya mbuzi. Ana nundu kipajini, na mistari myeusi kwenye mwili wa buluu. Wa upande wa Burundi ana mistari sita, wa Kigoma ana saba. Josephine akitoka kazini, kusafisha vyumba vya hoteli, alikuwa anavuta kiti mbele ya kioo na kuihesabu ile saba. Kila siku. Utadhani mmoja ungeweza kupotea.

Jike kubwa kuliko wote alimwita Mama Parokia, kwa jinsi alivyowapanga wenzake na kuwafukuza kwenye mapango. Majike wa samaki hawa hubeba mayai mdomoni. Wiki tano, sita, karibu bila kula, mpaka watoto waweze kuogelea. Mama Parokia alibeba mara nne Josephine akiwa hai, na mara zote nne akayameza. Josephine alikuwa analia machozi kabisa. Mimi nilimwona mjinga. Basi, katikati ya Juni, miezi minne baada ya mazishi, akabeba tena, na Jumanne ile ilikuwa siku ya thelathini. Zilibaki kama kumi. Sikuwa nataka kitu kingine duniani ila samaki yule afungue mdomo kwa wakati wake.

"Umesikia?" Nazir akaniuliza.

"Nini?"

"Ndiyo hivyo. Husikii kitu."

Mashine zilikuwa zimenyamaza. Tangi bila mashine ni shimo la maji yaliyotuama. Hewa inaisha taratibu na samaki wanapanda juu kuhema. Nazir alikunja mikono ya shati akauliza jagi liko wapi. Akapanda kwenye kigoda, akachota maji ya tangi na kuyamimina tena ndani kutoka juu, yapige uso, yabebe hewa. Jagi hamsini, kupumzika, jagi hamsini. Ndivyo wanavyofanya wafuga samaki umeme ukipotea. Mwenzako anacheza karata kwa mshumaa, wewe unamimina maji kwenye maji.

Saa nane akaingia Clinton, amelowa mpaka soksi. Huyu ni Mkenya, anakaa mtaa wa pili, Mount Dennis, anapakia mizigo uwanja wa ndege, baba wa watoto wanne. Alikuwa akija kila Jumapili kunywa chai ya Josephine na kubishana juu ya samaki. Ametembea kwa miguu kwenye mvua, amepanda ngazi ghorofa tisa, na ndani ya koti, kwenye mfuko wa plastiki, alikuwa na pampu ndogo ya betri.

"Mzee Ildefonce, stima imepotea mpaka kwetu," akasema akitweta.

"Sema umeme," Nazir akamwambia toka kwenye kigoda.

"Nikiuita umeme utarudi?"

"Hautarudi, lakini tutakuelewa."

"Na wewe mfamasia, shuka hapo kabla hujavunjika kiuno. Dawa zenyewe umestaafu nazo."

Nilicheka. Kusema kweli, tangu Februari nilikuwa sijacheka ndani ya nyumba ile.

Tukafanya shauri. Nazir alisema nyumbani kwake kuna jenereta. Tumchukue Mama Parokia kwenye ndoo twende Brampton. Clinton akamwonyesha simu: barabara kuu iko chini ya maji, magari yanaelea.

"Hata ingekuwa kavu," nikasema. "Ukimtia wavu atashtuka. Atameza. Itakuwa mara ya tano."

Nazir akashuka kwenye kigoda. "Basi tunakaa," akasema.

Halafu akapiga magoti mbele ya kabati la chini ya tangi. Humo kuna mashine ya kuchuja, debe la plastiki lililojaa sponji, linalovuta maji machafu na kuyarudisha masafi. Likisimama kwa saa nyingi, maji yaliyofungiwa ndani yanaoza, yanageuka sumu, na mashine ikiwaka tena inaimwaga sumu yote tangini. Kila mfugaji analijua hilo: umeme ukikatika, unaichomoa mashine, unaiosha, ndipo unaiwasha tena. Lakini maji ya bomba nayo yalikuwa hayapandi tena ghorofa ya tisa, ya kuoshea hatukuwa nayo.

"Angalau niichomoe," Nazir akasema.

"Iache," nikamwambia.

"Kwa nini?"

Nilimwambia ukweli, kwa Nazir sikuona aibu. Josephine alikuwa halali bila ule mvumo wa mashine. Nami toka alipoondoka ndio mvumo ninaolalia. Nilitaka umeme ukirudi niusikie kwanza huo, kabla ya redio ya mtu, kabla ya friji. "Ikianza tu kuvuma tunaichomoa. Sekunde mbili."

"Mtu akiwa hapa."

"Tuko watatu, bwana."

Akanitazama, akaiacha. Simlaumu. Nyumba ilikuwa yangu.

Tulipeana zamu hadi asubuhi. Pampu ya Clinton iliishiwa betri mapema, tukabaki na jagi na mabega yetu. Mama Parokia alikaa kwenye pango lake, koo limevimba, akitafuna taratibu vile wanavyofanya kuwageuza watoto mdomoni. Kila aliyeshika zamu alimulika tochi pembeni, si usoni pake, na kutoa taarifa kama nesi. "Bado anatafuna." "Bado."

Jumatano asubuhi mvua ilikuwa imekwisha na jua linawaka kama halijui kitu. Nikashuka, nikakuta mlangoni kuna karatasi ya uongozi wa jengo. Nikampigia Jacqueline, binti yangu, nikampelekea picha anisomee. Yeye huniitikia kwa Kiingereza, lakini kusoma ananisomea. Ilisema mafundi wanaendelea na kazi, na umeme utarudi Alhamisi saa mbili asubuhi. Siyo "huenda". Siyo "tunategemea". Utarudi Alhamisi.

Basi tukapanga maisha yetu kwa karatasi ile. Clinton akaenda kazini saa tano, akasema atarudi jioni na betri mpya na maji ya kuoshea debe. Nazir alikuwa amemimina tangu alfajiri, mwanamume wa miaka sabini na moja; saa sita nikamwambia ajilaze kwenye kochi. Akasinzia viatu mguuni. Zamu ilikuwa yangu mpaka saa tisa.

Nilimimina. Nilikuwa nimefika jagi la thelathini na kitu, saa nane ya mchana, niliposikia sauti ya kipaza sauti kutoka chini. Nikachungulia dirishani. Meneja alikuwa amesimama uani kwa buti safi za mpira, anagawa chupa za maji kwa wapangaji, na jamaa mwenye tai amesimama karibu yake akipiga picha. Sasa niambie wewe. Mfereji ule ule, Aprili, Mei, Juni. Mke wangu kwenye korido. Na huyu anapigwa picha.

Nikaweka jagi chini. Nikamtazama Nazir, sikumwamsha. Nilijiambia dakika kumi.

Ghorofa tisa nilizishuka kama kijana. Nikampasukia pale pale mbele za watu, kwa Kiingereza changu cha kiwandani, na kilipoisha nikaendelea kwa Kiswahili. Nikamwambia habari za mfereji. Nikamwambia habari za karatasi zake. Mama mmoja Mjamaika akapiga makofi akasema, mwambie, baba, mwambie. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia raha. Nikaanza upya toka mwanzo. Meneja alikuwa anatikisa kichwa tu, "naelewa, bwana, naelewa".

Ndipo taa ya mlango mkubwa ikawaka.

Jengo zima lilipiga kelele. Watoto walitoka kwenye mabaraza, mtu akafungulia muziki. Mjamaika yule akanikumbatia, nami nikamkumbatia. Nilifurahi. Nasema kweli, kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi nilifurahi kama wengine.

Halafu nikakumbuka debe.

Lifti ilikuwa bado. Nilipanda kwa miguu. Toka ghorofa ya tano nikapanda kwa kujivuta kwenye bomba la ngazi huku nikiita "Nazir! Nazir!" na kila mlango unashangilia.

Harufu niliikuta koridoni, harufu ya mayai viza. Ndani, Nazir alikuwa amepiga magoti, waya wa mashine mkononi. Alikuwa ameshauchomoa. Kelele za jengo ndizo zilizomwamsha, siyo mvumo. Mvumo haukumwamsha; kwa mtu asiyelala nao kila siku ni kitu kidogo sana. Maji ya tangi yalikuwa na wingu jeusi, kama mtu amemwaga masizi. Samaki wote walikuwa juu, midomo wazi.

Na yeye pia. Mama Parokia alikuwa amepanda kutafuta hewa, na mdomo wa kuhemea ndio ule ule wa kubebea. Watoto walikuwa wanamwagika. Wadogo kama punje za mchele, kila mmoja na kifuko chake cha kiini tumboni, na mkia ulio tayari. Nazir alikuwa anawachota kwa kikombe cha chai na kuwatia kwenye ndoo ya maji ya tangi tuliyoichota asubuhi yakiwa bado mazuri.

"Usiniangalie," akasema. "Chota."

Tulichota. Wengine walizama kwenye mchanga hatukuwaona. Tulipomaliza, Mama Parokia alikuwa amelala ubavu juu ya maji. Nilimshika mkononi, mara ya kwanza tangu aletwe. Mistari yake ilikuwa imefifia, sikuweza kuihesabu.

Nazir hakusema neno la kunilaumu. Ningependa angesema. Jioni barabara ilipofunguliwa aliondoka na ndoo katikati ya magoti, Clinton akiendesha. Kila siku ananipigia, "wapo, wanakula, njoo uwaone." Sijaenda. Namwambia gari bovu.

Mimi nimewaandikia uongozi wa jengo. Jacqueline anaandika, mimi nasema. Nimesema: ninyi mliandika Alhamisi saa mbili asubuhi, mkawasha Jumatano saa nane mchana, bila kengele, bila neno. Kama mngeandika "hatujui", mashine ningeichomoa. Nani aliwapa ruhusa ya kuandika siku msiyoijua? Walijibu baada ya wiki tatu. Waliomba radhi kwa usumbufu, wakaambatanisha fomu, kurasa sita, ya mtu aliyepata hasara.

Jumapili Jacqueline alikuja tuijaze. Jina. Namba ya nyumba. Kilichoharibika. Hapo nilimwambia aandike samaki wa mama yako, akaandika, akafuta machozi kwa mkono wa sweta, akaendelea. Tarehe. Saa. Nilikuwa nazijua zote. Ukurasa wa nne akasimama, akasoma kimya, akasoma tena. Halafu akanigeuzia kompyuta ingawa anajua sisomi Kiingereza, akaniwekea kidole kwenye mstari wenyewe.

"Baba, hapa wanauliza: umeme uliporudi, nani alikuwa zamu?"