Mistari ya Penseli

Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, bintiye, mama wa watoto watatu asiyemung'unya maneno, alimwambia wazi: "Baba, patasi imeanza kukushinda. Tununue mashine ya kutobolea matundu, ama sivyo karakana tuifunge."

Mzee hakubisha. Hilo lilimshangaza binti, maana baba yake alibishana hata na mvua. Miaka arobaini alikuwa amechimba matundu ya viti kwa patasi na nyundo, na ulimi wa mbao ukishaingia humo hautoki hadi kiti kivunjwe.

Dukani muuzaji aliwaonyesha mashine mbili. "Hii ndogo ni nyepesi, dada. Unaibeba mwenyewe."

Binti alishika mpini wake wa kushushia, akautikisa. "Unacheza kama jino bovu. Ile?"

Ile nyingine ilikuwa nzito, ya chuma kinene. Keekee yake ilizunguka ndani ya patasi ya mraba: keekee inachimba, patasi inanyoosha kona. Mzee aliipapasa kwa kidole gumba.

"Kibano cha kushikia mbao kiko wapi?" akauliza. Kibano kilikuwa mbele ya pua yake. Binti alidhani ni utani wake.

Waliinunua hiyo nzito, wakaifunga mezani karakanani. Binti aliacha mwanya mwembamba kati ya ncha ya keekee na patasi, vumbi lipate pa kutokea, chuma kisiungue. Kisha akachora mistari kwenye miguu ya viti. Siku zote mzee alikwaruza mistari yake kwa ncha ya msumari.

"Penseli inatosha, Baba. Tusitie mbao makovu ya bure."

"Haya, mama. Wewe ndiye msomi."

Binti akamwachia mashine, akaenda kuchagua mbao uani. Aliporudi, miguu kumi na tisa ilikuwa imeegemezwa ukutani. Akainua mmoja. Tundu safi, kona kali, ila limeuacha mstari kwa upana wa kidole. Kwenye mguu wa pili limekwenda kushoto. Kwenye wa tatu limepanda juu. Mashine ingekosea, ingekosea namna moja.

"Baba, umefuata nini?"

"Mstari."

"Nionyeshe."

Mzee aliuchukua mguu, akapitisha ukucha juu ya mbao taratibu, toka mwanzo hadi mwisho. Ukucha haukukwama popote. Akarudia.

"Tangu lini?" binti akauliza.

"Kabla mama yako hajafa."

"Ukaniacha niseme ni mikono."

"Mikono inatetemeka kweli. Nikaona afadhali hiyo. Mwenye mikono mibovu hununuliwa mashine. Mwenye macho mabovu hupewa kiti." Akakohoa. "Nikwaruzie kwa msumari. Nitaona kwa vidole, kama zamani."

Binti alitazama patasi ya mraba. Pale pa kupapasa ndipo hasa inaposhukia.

"Hutabaki na vidole, Baba."

"Ninavyo kumi."

Binti hakucheka. Alichomoa waya ukutani.

"Nani ataitumia, basi?"

"Mimi."

Mzee alivua aproni, akaikunja mara nne, akaitafuta meza kwa kiganja kabla ya kuiweka. Kisha akasimama katikati ya karakana yake, mikono mbele kidogo, hajui aelekee wapi. Binti akamsogezea kiti.