Mshale Kwenye Sitini

...na lisipoingia safari hii atakata ukingo wa madigadi, atakata tu, hana njia nyingine, Orrin anajisemea, tairi limemwelemea mapajani, mashimo ya rimu yanatafuta bolti na hayazipati, na Pruitt, jirani yake, amelala chali chini ya gari, Chevelle kuukuu, akiongea kama kawaida yake, huyu hata kwa kinyozi hanyamazi, kulia kidogo, anasema, hapo hapo, na rimu inaingia, inchi kumi na saba, nyeusi, sawa na zile za kwanza, maana mkewe, Nadine, aliomba iwe hivyo, gari lenyewe ni jingine, lile alilofia binti yao Joleen ajalini lilikwenda chuma chakavu, lakini rangi iwe ya buluu ileile na matairi makubwa aliyoyapenda mtoto, walipeleke kwenye gwaride la magari la Agosti na picha yake kwenye kioo, na tangu mazishi, miaka tisa, mke wake hajamwomba kitu kingine, angemkatalia vipi... nati ya kwanza, anaizungusha kwa vidole... Joleen alikuwa na miaka kumi na tisa, alikaa kiti cha abiria, usukani aliushika baba yake mdogo, Dale, barabara ya ziwani, kona ya kanisa la Walutheri, kona ambayo kila mtu wa huku huipiga kwa maili sitini kwa saa na kahawa mkononi, halafu polisi wakapima alama za matairi kwenye lami wakasema karibu sabini, na Dale kitandani hospitalini, shingo imefungwa, midomo imevimba, "Nilikuwa sitini, kaka. Mshale ulikuwa kwenye sitini, niliuangalia kwa ajili ya mtoto," na Orrin, mbele ya Nadine, mbele ya wauguzi, "Umeniulia mwanangu na bado unanidanganya," akatoka, hajamtia machoni tena ila siku ya kumzika mama yao, Dale amesimama ng'ambo ya barabara kama mpita njia, kofia mkononi, na Orrin akajifanya hamwoni... nati ya pili... Pruitt anasema kitu kuhusu gia boksi, Orrin anasikia nusu, "...usisahau kubadilisha kile kigia cha spidomita, mzee, la sivyo mshale utakudanganya," utadanganyaje, Orrin anauliza ovyo tu, yeye ni fundi rangi, miaka thelathini kiwandani alipaka rangi, ya gia boksi aliwaachia wenyewe, na Pruitt anaeleza polepole, tairi likiwa kubwa, kila mzunguko linakula barabara zaidi, spidomita haijui, "Wewe unaona sitini, kumbe uko sitini na saba, karibu sabini hivi."

Karibu sabini... hapana, subiri, yale ya kwanza nani aliyafunga, yeye, peke yake, humu humu gerejini, wikiendi ya Pasaka, hakubadilisha kigia chochote, hakujua kama kipo, lakini muuza matairi si alimuuliza, na spidomita je, alimuuliza, na yeye akacheka, akasema gari hili halinunuliwi kwa ajili ya kutazama mshale, Mungu wangu, alicheka... Dale aliutazama, Dale alipunguza mwendo kwa ajili ya mtoto, akaingia kwenye kona kwa mwendo ambao Orrin alikuwa ameuficha, na miaka tisa ya kumchukia, chuki ile ilimsaidia kuamka asubuhi, sasa ataamka na nini, atampigia simu huko Toledo anakoishi amwambie nini, ulisema kweli, pole, kwa simu, kama mtu aliyekosea namba, na akimwambia Dale lazima amwambie Nadine, Nadine ambaye hawezi kutaja jina la Dale bila kusaga meno, ambaye kila usiku hulalia mkono huu, huu huu, kumbe ndio uliomuua mwanawe... Pruitt anauliza kama nati zimekwisha, au Orrin amelala, na mlango wa jikoni unafunguka, viatu vya Nadine vinashuka ngazi, vinakuja, vinasimama, na Orrin anajua anatazama tairi, sema, sema sasa hivi kabla hajafungua mdomo, "Ni yenyewe kabisa," Nadine anasema, "asante, Orrin," na anaweka paji la uso mgongoni kwake, na yeye hageuki, rimu imeshikwa na nati mbili tu, mikono yake yote miwili bado iko juu ya tairi.